Nilivyokuwa mkalimani wa mama mkwe wangu mbele ya profesa wa matope

Wakuu, walio wakubwa kwangu shikamooni, wengine wote mambo vipi.

Leo nimekaa na kikombe changu cha uji wa ulezi nikaona niwaletee kisa ambacho nimekikalia muda mrefu kwa aibu. Hii siyo chai. Nikiongeza chumvi hata punje moja, karasha la Kharumwa linisage pamoja na mawe.

Uzi ni mrefu. Wenye haraka piteni pembeni taratibu, msianze kuandika "fupisha" hapo chini, maana nitawajibu vibaya.

Kwanza mnijue. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nimeoa Usukumani, naishi Nyasubi pale Kahama. Chuo nilisomea ualimu wa fizikia na hesabu. Ajira nimeisubiri mpaka kidevu kimeota mvi. Naishi kwa kufundisha tuisheni watoto wa watu ambao baba zao waliacha shule na sasa wana magari.

Mke wangu anaitwa Kabula. Mama yake, ambaye kila mtu anamwita Mama Kabula, ni mjane na alikuwa anaishi peke yake nje kidogo ya Kharumwa. Nyumba yake ilikuwa chini ya kilima. Juu ya kilima kuna mtambo wa kuchenjua dhahabu.

Mtambo ule unatema marudio. Ni ule mchanga uliosagwa ukawa laini kama unga, ukaoshwa, dhahabu ikatolewa. Unachanganyika na maji unakuwa tope, na tope linahifadhiwa kwenye bwawa lililozungushiwa tuta la udongo na viroba vya mchanga. Mbuzi akijikwaa juu ya lile tuta, anatua kwenye sufuria ya mama mkwe.

Kabula alikuwa halali. Mvua ikianza kugonga bati letu Nyasubi anaketi kitandani, "Jamani mama yangu na lile tope." Amemwita mama yake aje kuishi kwetu hadi akakaukiwa sauti. Mama hataki. Anasema kwa mkwe hakulaliwi, basi, simu anakata.

Na mimi siwezi kumwambia kitu.

Ndugu zangu wa pwani naomba mtulie niwaeleze hapa. Sisi wa huku, mkwe wa kiume na mama mkwe hamtazamani usoni. Hampeani mikono. Hamli pamoja. Ukimwona anakuja njia ile, unapita mahindini hata kama umevaa suti. Ukiwa na jambo unamwambia mkeo, mkeo anamwambia mama yake. Najua vijana wa mjini siku hizi wanakula chipsi meza moja na mama wakwe zao, wanapiga na selfi. Hongereni. Kwa Mama Kabula jaribu uone.

Kwa hiyo tangu nioe, mimi na yule mama hatujawahi kubadilishana sentensi moja. Namjua kwa kisogo.

Sasa ukaja mchongo.

Jamaa mmoja akanistua kwamba kuna watu wa chuo wanatafuta mkalimani wa Kiingereza na Kisukuma, posho nzuri, chakula juu yao. Nikaenda. Kuuliza utafiti unahusu nini, naambiwa ni kuhusu tope la marudio na watu wanaoishi karibu nalo, maeneo ya Kharumwa.

Nikameza mate. Nikasema nipo.

Timu ilikuwa hivi. Mkubwa wao ni Profesa Danuta, mama wa Kipolandi, mfupi, buti kubwa, mtaalamu wa fizikia ya vitu laini. Wakuu, hapa duniani kuna watu wanalipwa mshahara kusoma vitu laini. Tope, uji, dawa ya meno, maziwa ya mgando. Mimi niliyesomea fizikia ya kushusha mawe kutoka ghorofani nilicheka kimoyomoyo nikasema kweli wenzetu wameshiba.

Alikuwa na kifaa cha mkononi chenye mabawa manne, anakichomeka kwenye tope na kukizungusha, kinamwonyesha tope linavumilia nguvu kiasi gani kabla ya kuachia. Siku ya kwanza tu, kwa mama ntilie wa Kharumwa, akakichomeka kwenye ugali. Ugali wa watu! Mama ntilie akasimama na mwiko, "Huyu anapima sumu kwangu?" Ikabidi nikalimani fasta kwamba mgeni anausifia. Haikuwa kweli, alisema ugali na tope ni ndugu wa baba mmoja.

Wa pili ni Kalisti, mtakwimu, Mchaga wa Moshi. Kalisti ni kijana mzuri, ana adabu, ila anaiamini sampuli kuliko anavyomwamini mama yake mzazi. Kisukuma hajui hata salamu. Alikuwa anawaambia wazee "mwadila", salamu ya jioni, asubuhi kweupe, wazee wanaangalia jua.

Kabla ya kuingia kazini nilifundishwa ukalimani. Alikuja dada mmoja mkali kutufunda mimi na wenzangu waliopangiwa vijiji vingine. Sheria zake zilikuwa chache na zinauma.

Usiongeze. Usipunguze. Na ukikalimani unasema "mimi". Mzee akisema "mimi naumwa mgongo", wewe husemi "anasema anaumwa mgongo". Unasema "mimi naumwa mgongo", kwa sauti ile ile, kama mgongo ni wako. Wewe ni bomba tu, maji yapite.

Halafu akasema kama una undugu na mhojiwa, toa taarifa upangiwe kwingine.

Nilisikia vizuri. Masikio yangu ni mazima. Lakini posho nayo nilikuwa nimeshaipangia kazi, na vijiji vilikuwa vingi. Nikasema uwezekano wa kumpata mama mkwe ni mdogo. Ualimu wa hesabu unaniponza mpaka leo.

Siku ya pili pale Kharumwa tukapanda kilimani kwenye bwawa. Nisimulie hii vizuri maana ndipo kicheko changu kilipoishia.

Juu pamekauka, pamepasukapasuka kama ardhi yoyote ya kiangazi. Ng'ombe wanakatiza. Mimi mwenyewe nikatembea juu yake, nikarukaruka, nikamwambia Profesa mbona huku ni ardhi tu.

Yeye akachimba kidogo, akachukua tope la chini, akajaza kwenye chupa ya maji, akaiacha ikae. Baadaye akaipindua mdomo chini. Tope likagoma kutoka. Likatulia mle ndani kama saruji. Akanitazama.

Halafu akaitikisa chupa. Mara mbili tatu tu.

Wakuu, lilimwagika lote. Kama maziwa ya mgando ukitikisa kibuyu. Likaniingia kwenye viatu.

Akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "Tope hili likiachwa limetulia linajishika lenyewe. Likitikiswa linasahau kwamba lilikuwa gumu." Akaonyesha kidole kwenye karasha lililokuwa linadunda pale juu mchana kutwa. "Mkono wangu ni ile mashine. Ongeza na mvua."

Mimi nikageuka kuangalia chini. Naiona nyumba ya mama mkwe. Naona mpaka khanga zake zimeanikwa. Miaka yote namwambia Kabula "usijali, mbona pamekauka".

Jioni ile nilitaka kumpigia Kabula simu. Sikupiga. Ningemwambia nini, kwamba nimeona namna mama yako atakavyokufa, imewekwa kwenye chupa?

Basi tukaanza mahojiano. Kaya zilichaguliwa na kompyuta ya Kalisti, kwa bahati nasibu. Iliyotajwa ndiyo hiyo hiyo. Huwezi kusema hawa wakorofi turuke twende kwa jirani. Nilishamwuliza akasema kwa jirani ndiko upendeleo unakoanzia.

Tukahoji siku kadhaa, mambo yanaenda. Nimekuwa mjane, nimekuwa mganga wa kienyeji, nimekuwa binti mjamzito. "Mimi nina ujauzito wa kwanza," nasema na ndevu zangu. Profesa anaandika. Nimezoea.

Asubuhi moja Kalisti anawasha tableti, anasoma kaya ya siku hiyo. Tunashuka njia ya kilimani. Nikaona tunakata kona ya mwembe wa mpigaramli. Nikaona tunapita kwa mwenye baiskeli ya mizigo. Jasho likaanza.

"Kalisti, hii kaya hatuwezi kuruka?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Huyu mama... nasikia ni mkali."

"Kompyuta haijui mkali," akasema. "Twende."

Tukafika kwenye uzio wa minyaa. Mama Kabula anatoka na ungo wa mtama, anaona mzungu, anatabasamu, anasogea. Halafu akaniona mimi.

Ungo ukaenda kule. Khanga kichwani. Akageuka akakimbia nyuma ya jiko, na mimi wakati huo huo nimegeuka nimekimbilia kwenye minyaa. Kuku wakatawanyika pande zote. Profesa akabaki peke yake katikati ya uwanja na mtama.

Kalisti akaandika, "Mhojiwa ameonyesha hofu." Kisha akanitazama nilivyojibanza kwenye uzio. "Na wewe una nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nikatazama juu, nikaliona tuta, nikakumbuka chupa. Nikasema, "Nimekanyaga mwiba."

Kutoka nyuma ya jiko sauti ikatoka kwa Kisukuma. Kwamba atajibu maswali, lakini anabaki huko huko aliko, na huyo mkalimani ageuze mgongo. Nikawaambia wenzangu kwamba ndiyo heshima ya hapa. Profesa akafurahi sana, akaupiga picha ule ukuta wa jiko.

Tukakaa hivyo. Profesa kwenye kigoda. Kalisti na kinasa sauti. Mimi mgongo kwa jiko, natazama minyaa. Mama mkwe nyuma ya ukuta wa udongo.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Unaishi na nani?

Sauti ikasema, na mimi nikaigeuza Kiingereza kama nilivyofundishwa: "Mimi naishi peke yangu. Nina binti. Ameolewa na Msumbwa."

Profesa akauliza Msumbwa ni nini.

"Ni kabila la watu wanaojua kuongea," nikasema. Ndivyo mama alivyosema, wakuu, sikuongeza.

Ukipata tatizo, una mtu wa kukusaidia?

Pale nyuma ya jiko nikasikia anasogea karibu na ukuta. Mimi nilimwelewa baadaye. Yule mama aligundua kwamba sheria inamzuia kuongea na mimi, lakini haimzuii kuongea na mzungu. Tangu nioe ana mambo yamemjaa. Leo kaletewa bomba.

Akafungulia.

"Mimi nina mkwe," nikawa nakalimani, jasho linatiririka. "Mkwe wangu amesoma sana. Ana shahada. Upepo ulipoezua choo changu, mkwe wangu alituma pole kwenye simu ya binti yangu. Nikaezekea choo kwa hiyo pole."

Kalisti akanong'ona pembeni kwa Kiswahili, "Aisee, huyo mkwe ni wa ovyo."

Nikamwambia, "Ovyo kabisa."

"Mimi nilidhani nikimwoza binti yangu kwa msomi nimepata mtoto wa kiume. Kumbe nimepata mtu wa kunikimbia mahindini."

Dah. Heshima yangu yote ile ya kukatiza mashamba na suti, kumbe mwenzangu anahesabu nakimbia!

Nilitaka kugeuka nijitetee. Nikakumbuka mgongo.

Profesa akaja kwenye lile swali lenyewe. Likitokea agizo la kuhama, utakubali?

Safari hii sauti ilishuka. Nikasikia anavuta pua. Nikaanza kukalimani polepole.

"Mimi naliogopa lile tope. Usiku mvua ikinyesha nakaa mlangoni na fimbo, nasikiliza. Sijamwambia binti yangu. Yeye ananiita kwake, lakini ile nyumba ina mwenyewe. Mwenye nyumba hajawahi kuniita. Kwa mkwe halalimwi kulala..."

Nikakosea. Ulimi ukanigomea. Nikarudia.

"Kwa mkwe mtu halali kwa kualikwa na binti peke yake. Nikienda nitakuwa mzigo uliotupwa mlangoni kwa watu. Kwa hiyo nitakufa hapa na kuku wangu. Siku hiyo mkwe wangu atakuja, najua. Msibani kuna wali."

Wakuu, ile "mimi nitakufa hapa" niliisema kwa sauti yangu. Mdomo wangu. Mimi nikisema mimi. Machozi yakatoka, sikuyaficha kwa sababu nilikuwa nimetazama minyaa. Tangu nioe nilikuwa naona huyu mama ni mkaidi. Kumbe alikuwa anasubiri kuitwa.

Profesa akauliza niko salama? Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea na swali linalofuata, nalikumbuka neno kwa neno: muulize, wakati wa mvua, maji huwa yanapita juu ya tuta?

Nikavuta pumzi. Nikasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kutosha kufika nyuma ya jiko:

"Mgeni anauliza, je, huyo mkwe akikujengea nyumba yako mwenyewe kwenye kiwanja chake, mlango ukatazama upande wa pili, na jiko lako, usimwone wala asikuone, utakwenda?"

Nikasikia anapenga kamasi.

Halafu sauti ikauliza, "Huyo mgeni anauliza kwa akili yake, au kuna mtu kamtuma?"

Profesa ananitazama, anangoja jibu la maji. Nikamwambia kwa Kiingereza, "Ndiyo, mvua kubwa zikija, yanapita."

Akaandika. Akauliza, yanapitia upande gani?

Nikamwambia mama, "Mgeni anasema kuna mtu kamtuma, na huyo mtu anaomba sana."

"Mwambie mgeni amwambie huyo mtu, mlango utazame jua linakochomoza."

Nikamgeukia Profesa, "Upande wa mashariki."

"Na jiko liwe la kuni. Gesi siitaki, inalipuka."

"Maji huwa yana kasi sana, ya kutisha."

"Na kuku naenda nao wote. Hata yule jogoo mkorofi."

"Na yanabeba vitu vingi," nikasema.

Profesa anaandika hadi kalamu inawaka moto. Kalisti ananipa dole gumba. Tulipoondoka akaniambia kaya ile imetoa maelezo bora kuliko zote. Nikasema tumshukuru Mungu.

Nyuma ya jiko ikatoka sauti ya mwisho, "Wabeja." Asante, hiyo. Sikuikalimani kwa mtu.

Nilipofika Nyasubi nikamwambia Kabula tunajenga. Hakuniuliza tunajenga nini. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu akalia, halafu akainuka akaanza kupima uwanja kwa hatua. Wiki ile ile tukafyatua tofali. Tuisheni nikaongeza mpaka Jumapili baada ya misa, Mungu anisamehe.

Sasa kuna kitu dada mkali alitufundisha na mimi nilisinzia. Sauti zote zilizorekodiwa zilipelekwa Dar. Kule kuna mtu anayejua Kisukuma, kazi yake ni kuvaa spika za masikioni na kutafsiri upya kila kitu, bila kuangalia tulichosema sisi, halafu wanalinganisha.

Simu ya Kalisti ikaingia nikiwa juu ya kenchi napigilia bati.

"Ndugu yangu," akasema, sauti ya mtu aliyefiwa. "Profesa kauliza maji. Wewe umeuliza mlango."

Nikaiweka nyundo juu ya bati.

"Nimesoma hii tafsiri mara nyingi. Naomba unisaidie jambo moja tu. Jogoo kaingiaje kwenye mafuriko?"

Nikamwambia ukweli wote pale pale juu ya bati. Kwamba yule ni mama mkwe wangu. Kwamba yule mkwe wa ovyo ni mimi. Kalisti alihema muda mrefu. Akasema nimechafua data. Akasema mahojiano yale yanafutwa na mimi sitashiriki awamu ya pili. Alikuwa na haki, na sikubishana naye. Fikiria ningekuwa nakalimani hospitali nikaingiza mambo ya bati.

Kabla hajakata nikasikia sauti ya Profesa nyuma yake. Alikuwa ameelezwa. Nikajiandaa kutukanwa kwa Kipolandi.

Akauliza swali moja tu. "Je, amehama?"

Nikasema bado, tunaezeka.

"Ezeka haraka," akasema. "Nimeshapima. Ezeka haraka."

Nikashuka chini nikaita mafundi wawili wa ziada.

Mama Kabula alihamia na kuku wake wote, mlango unatazama mawio, jiko la kuni. Plasta haijakauka vizuri. Mimi siku ile nilijificha dukani kwa Mangi mpaka alipoingia ndani, kama inavyotakiwa.

Tope lilishuka msimu ule ule. Mchana, mvua inanyesha, karasha linadunda. Tuliambiwa halikufanya hata kelele kubwa, tuta liliachia tu, na kile kilichokuwa ardhi ya kupitisha ng'ombe kikawa uji. Majirani wa pembeni walikimbia wakapona wote. Lilipita palipo chini zaidi, na palipo chini zaidi unapajua.

Tulikwenda mimi na Kabula. Nyumba ilijaa mpaka dirishani. Ule ukuta wa jiko, ambao mama alikaa nyuma yake akinisema mbele ya mzungu, haukuwepo. Kabula alinishika mkono. Nililia mbele ya watu, na wala sioni aibu kuandika hapa.

Miezi kadhaa baadaye Kalisti akapiga tena. Awamu ya pili imefika Kharumwa, mhojiwa wa kaya ile hayupo. Mahojiano yalifutwa lakini kaya bado iko kwenye orodha, lazima ajaze sababu. Amekataa, amefariki au amehama?

"Amehama," nikasema.

"Una uhakika?"

Nikasogeza simu dirishani asikie. Mama alikuwa anamtukana jogoo.

Kalisti akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Nimejaza," akasema.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukalimani ni kazi ya watu waaminifu, kama una ndugu kwenye mchezo sema mapema, msiwe kama mimi. Wale wanaosoma matope na ugali, msiwacheke, waulizeni nyumba zenu ziko upande gani. Na wewe mwenye mama mkwe unayemheshimu mpaka unamkimbia, hebu tafuta mtu umtume leo. Anaweza kuwa anakaa mlangoni na fimbo na hujui.

Sasa naomba ushauri, maana nina tatizo jipya.

Mimi na mama bado hatuongei, mila iko pale pale. Mkalimani siku hizi ni Kabula. Na Kabula, wakuu, ni mkalimani wa hovyo kuliko mimi.

Mama akiwa jikoni kwake anasema, "Mwambie mumeo bati la upande wa choo linavuja." Namsikia vizuri kabisa kupitia dirishani. Kabula anazunguka, anakuja sebuleni, uso mkavu: "Mama anasema bati linavuja, na pia anasema hili sofa ni la kutia aibu wageni."

Mama hajasema sofa! Lakini nitakwenda kuhakikisha kwa nani?

Jana mvua kubwa ilinyesha Nyasubi mchana mzima. Ilipokatika nikamsikia mama anaamka, anafungua mlango, anamwita Kabula. Akasema taratibu, kwa Kisukuma, "Mwambie huyo mwanangu, leo mvua imenyesha nikalala usingizi."

Mwanangu, alisema. Hakusema mkweo, hakusema mumeo. Nikabaki nimeshika ukuta.

Kabula akazunguka, akaingia sebuleni, macho mekundu. Akajikohoza.

"Mama anasema sofa."

Nikamjibu, "Mwambie mama litanunuliwa."

Haya wenyeji wa Kahama, fundi gani wa sofa anaaminika? Na wenye mama wakwe, shukeni hapa chini mseme ya kwenu.